Shule iko na basi, askari na mpishi. Nesi yuko wapi?

Nianze na swali rahisi. Chukua shule yoyote ya bweni unayoijua hapa Kenya. Iko na askari wa geti. Iko na wapishi, tena si mmoja. Iko na dereva wa lile basi la manjano ambalo wazazi walilichangia hadi wakachoka. Iko na karani wa kupokea karo, na huyo hakosi kazini hata siku moja. Sasa niambie: mtoto akianguka kifafa saa nane usiku, ni nani ndani ya hiyo shule amesomea la kufanya?

Mara nyingi jibu ni matroni. Na mimi namheshimu matroni, wengi wao ni kina mama waliobeba watoto wetu kama wao. Lakini aliajiriwa kuangalia mabweni, shuka na usafi. Hakusomea dawa. Ana kabati, na ndani ya kabati kuna Panadol, Piriton na labda Eno. Kichwa kikiuma, Panadol. Tumbo likiuma, Panadol. Hedhi, Panadol. Ukirudi mara ya tatu unaambiwa unajifanya mgonjwa ndio utoroke preps.

Na hiyo ni shule ya bweni, yenye bahati. Shule ya msingi ya kutwa kule kijijini haina hata hilo kabati. Iko na sanduku la huduma ya kwanza juu ya rafu ofisini kwa mwalimu mkuu, na ukilifungua unapata makasi na bandeji moja iliyobaki kwa michezo ya muhula uliopita.

Msimamo wangu ni huu, na sitauzungusha: muuguzi wa shule si anasa. Ni mfanyakazi wa lazima, kama vile mwalimu wa hesabu ni wa lazima. Serikali zetu zote mbili, ile ya taifa na ile ya kaunti, zinajua hivyo na zimeamua kukwepa. Na sisi wazazi, ndugu na wanafunzi wa zamani tumekwepa pamoja nazo, kwa sababu kwenye mkutano wa shule tunapigania basi na ukumbi, hatupiganii nesi.

Zunguka zile shule za kimataifa za Nairobi, zile za karo ya mamia ya maelfu kwa muhula. Nesi ni mojawapo ya vitu wanavyokutangazia ukienda kuuliza nafasi. Chumba kiko, kitanda kiko, faili ya kila mtoto iko. Kwa hivyo wenye nacho hawana shida kuelewa hili jambo. Likifika kwa mtoto wa mama mboga ndipo linageuka kuwa mjadala.

Anachoona nesi na mwalimu haoni

Watu wakisikia nesi wa shule wanafikiria mtu wa kufunga kidonda cha goti. Kidonda cha goti hata mtoto wa gredi ya sita anaweza kukiosha. Nesi analipwa kuona kile ambacho macho ya kawaida hayaoni.

Chukua mtoto wa sikoseli. Ugonjwa huu uko sana magharibi mwa Kenya, Nyanza na Pwani. Mtoto huyu hafai kumwagiwa maji baridi saa kumi na moja alfajiri. Baridi, kiu na uchovu mwingi vinaweza kumletea maumivu ya mifupa ambayo mimi na wewe hatuwezi kuyafikiria. Sasa bwenini akikataa kuoga anaitwa mkaidi. Maumivu yakimshika anaambiwa anaigiza. Akipata homa anaambiwa alale, ataamka sawa. Lakini homa kwa mtoto wa sikoseli si ya kungoja kesho, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Nani shuleni anajua hivyo? Mamake anajua, na yuko kilomita 200 mbali na simu ya mtoto hairuhusiwi.

Chukua mtoto anayeomba ruhusa kwenda choo mara tano kabla ya chai ya saa nne. Anakunywa maji hadi wenzake wanamcheka. Anakonda. Mwalimu anaona mtoro. Nesi anaona dalili za kisukari. Anatoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye kipimo, na kabla kengele ilie ameshajua. Kisukari cha watoto kisipogunduliwa mapema, mtoto anaweza kupoteza fahamu na kufa, na matangani watu waseme ilikuwa malaria.

Kifafa nacho? Nimeona watu wazima, wenye digrii, wakimlazimishia mtoto kijiko mdomoni. Wengine wanammwagia maji. Wengine wanaanza maombi ya kutoa mapepo, na baada ya hapo huyo mtoto hana rafiki tena, hakuna anayetaka kulala kitanda cha karibu naye. Ilhali la kufanya ni jambo dogo: ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, mlaze kwa ubavu, usimwekee kitu mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika tano, mpeleke hospitali. Nesi mmoja akifundisha walimu na wanafunzi hayo kwa saa moja mwanzo wa muhula, mtoto wa kifafa anaweza kusoma hadi chuo kikuu.

Halafu kuna yule anayekaa nyuma na kupata alama 18 kwa 100. Anaitwa mjinga mbele ya wenzake miaka mitatu. Kumbe haoni ubao. Chati ya herufi ukutani, hatua chache kutoka kwa mtoto, jicho moja linafunikwa, lingine linasoma. Hiyo ndiyo mashine yote inayohitajika. Ni watoto wangapi tumewapoteza njiani kwa kukosa karatasi ya herufi na mtu wa kuishika?

Niwape moja niliyoiona mwenyewe. Shule niliyosomea, sitaitaja, ilikuwa na sheria kwamba dawa zote zinasalimishwa siku ya kufungua. Darasani kwetu kulikuwa na msichana wa pumu. Inhela yake ilifungiwa ofisini pamoja na Panadol na dawa za vidonda vya tumbo. Jumamosi moja kifua kikambana, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda sokoni. Tulikaa naye pale nje ya ofisi akivuta pumzi kama mtu anayezama, sisi watoto wa miaka 15 tukimpepea na vitabu. Alipona, kwa sababu mzee wa shamba alivunja kufuli. Alipona kwa nyundo, si kwa mpango wowote wa shule.

Ile sheria haikuandikwa na mtu mbaya. Iliandikwa na mtu asiyejua kwamba inhela ya mtoto wa pumu hukaa mfukoni mwa mtoto wa pumu. Nesi angeirekebisha kwa sentensi moja wiki ya kwanza.

Na wasichana je?

Mwaka wa 2017 Bunge lilibadilisha Sheria ya Elimu ya Msingi ili serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Tulipiga makofi. Septemba 2019, msichana wa miaka 14 kule Bomet alijitoa uhai. Familia yake ilisema alipata hedhi akiwa darasani, sare ikachafuka, na mwalimu akamwita mchafu na kumtoa nje. Sheria ilikuwa tayari na miaka miwili.

Sodo ni pamba na plastiki. Haimwambii mtoto kwamba yuko sawa. Haimwambii kwamba maumivu ya kumfanya atapike kila mwezi si ya kuvumilia tu, kuna matibabu. Haimpi mahali pa kuingia, pa kubadilisha nguo, pa kulia kidogo halafu arudi darasani kichwa juu. Hiyo ni kazi ya mtu, na huyo mtu hafai kuwa mwalimu yule yule anayemchapia alama na kumpa adhabu.

Tangu Januari 2023 tumeweka sekondari ya chini ndani ya shule za msingi. Maana yake, uwanja mmoja uko na mtoto wa chekechea wa miaka minne na msichana wa gredi ya tisa. Tulijadili madarasa, tukajadili maabara, tukajadili mishahara ya walimu wa JSS. Nani alijadili kwamba tumejaza watoto wanaobalehe mahali ambapo hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesomea mwili wa mtoto anayebalehe?

Na chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Saratani hii inaua zaidi ya wanawake 3,000 Kenya kila mwaka. Mnajua kilichotokea: uvumi kwenye WhatsApp, ati itawafanya wasizae. Uvumi kama huo hauzimwi na bango la wizara. Unazimwa na mtu ambaye mzazi anamjua kwa jina, aliyemtibu mtoto wake upele mwaka jana.

Mtu wa kuhesabu

Mwaka wa 2023, pale Mukumu kule Kakamega, mamia ya wanafunzi waliugua tumbo. Wanafunzi watatu na mwalimu mmoja wakafa, na shule ikafungwa. Ripoti zilizungumzia chakula na maji yaliyochafuliwa. Nchi nzima ilishtuka wiki mbili, halafu tukaendelea na siasa.

Mimi nataka tufikirie jinsi ugonjwa wa bwenini unavyoenda, shule yoyote. Jumatatu mtoto mmoja anaharisha. Jumanne ni wanne, kila mmoja bweni tofauti. Jumatano ni kumi na tano. Kama kila mmoja anapewa kidonge na mtu tofauti, matroni huyu, mwalimu wa zamu yule, rafiki mwenye Flagyl kwa sanduku, hakuna anayejua kwamba jumla ni ishirini. Kuhesabu wagonjwa, kuandika, kuuliza wamekula nini, kupigia simu afisa wa afya ya umma kabla hali haijawa habari ya saa tatu usiku: hiyo ni kazi ya kitaaluma. Muuguzi amefundishwa kuifanya. Ukikosa huyo mtu, wa kwanza kugundua mlipuko anakuwa mwandishi wa habari.

Hata New York ilipitia hapa

Kama unadhani hili ni jambo la juzi, rudi New York mwaka wa 1902. Jiji lilikuwa na madaktari wanaokagua shule. Wakipata mtoto na chawa, choa au macho yanayotoa usaha, wanamrudisha nyumbani. Kwao hiyo ilikuwa afya ya shule. Nyumbani hakuna wa kumtibu, kwa hivyo mtoto anakaa huko, anageuka wa mitaani.

Lillian Wald, muuguzi aliyekuwa akihudumia wahamiaji maskini, akawaambia: wacheni niwape nesi mmoja, jaribuni. Nesi huyo ni Lina Rogers. Aliwekwa kwenye shule nne. Alisafisha macho, akapaka dawa ya choa, na jioni akapanda ngazi za nyumba za maskini kuwaonyesha kina mama jinsi ya kuendelea. Jiji likaona matokeo, likaajiri wengine. Septemba 1902 watoto 10,567 walikuwa wamerudishwa nyumbani. Septemba 1903 walikuwa 1,101.

Soma hizo namba tena. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa kati ya hizo Septemba mbili. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu wa kumaliza kazi ambayo daktari aliianza na kuiacha mlangoni.

Sisi pia tunao ushahidi wetu wa nyumbani. Miaka ya tisini mwishoni, kule Busia, Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza shule ambako watoto walipewa dawa ya minyoo. Utoro ulipungua kwa karibu robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidika kwa sababu minyoo ilipungua kijijini. Kremer baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019. Kenya ikaanza mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni, mamilioni ya watoto kila mwaka, na wanaogawa vidonge ni walimu.

Yaani tulithibitisha kwa dunia nzima kwamba shule ndiyo mahali rahisi zaidi pa kumfikia mtoto kiafya. Halafu tukaishia kwa kidonge kimoja kwa mwaka.

Jogoo House, Afya House, kaunti, na mchezo wa kurushiana mpira

Sasa tufike kwa wahusika. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na pia haki ya lishe, makao na matibabu. Imeandikwa hapo, haihitaji wakili.

Lakini Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linagawa kazi. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni za kaunti, pamoja na chekechea. Walimu wanaajiriwa na TSC. Wauguzi wengi wa umma wanaajiriwa na kaunti.

Umeshaona shimo liko wapi. Nenda Jogoo House uulize kuhusu nesi wa shule, utaambiwa hayo ni ya afya. Vuka hadi Afya House, utaambiwa afya ilishuka kaunti. Nenda kaunti, utaambiwa shule si zetu, sisi ni chekechea tu. Kila ofisi imesema ukweli, na mtoto amebaki bila nesi.

Sera ziko, jameni. Kulikuwa na Sera ya Kitaifa ya Afya Shuleni mwaka wa 2009. Ikapitiwa upya mwaka wa 2018. Karatasi nzuri, picha za watoto wakinawa mikono. Sera haimezi mshahara, ndio maana ni rahisi kuizindua.

Kulikuwa pia na EduAfya, bima iliyoanza 2018 kwa wanafunzi wa sekondari za umma kupitia NHIF. Ilikuwa na kasoro zake, lakini mwalimu mkuu alijua akimkimbiza mtoto hospitali kuna wa kulipa. Ilikuwa ikigharimu karibu shilingi bilioni 4 kwa mwaka, na ilihudumia wanafunzi karibu milioni 3. Mwisho wa 2023 ikazimwa. Oktoba 2024 NHIF nayo ikapisha SHA, na sasa matibabu ya mwanafunzi yanategemea kama mzazi amejisajili na amelipa. Mzazi wa kazi za kibarua anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Asipoweza, mtoto wake akiugua bwenini, mwalimu mkuu anaanza kupiga simu akitafuta pesa. Nesi hayuko, na bima nayo imeondoka.

Visingizio

Kisingizio cha kwanza: sisi tulisoma bila nesi na tukamaliza. Ndiyo, wewe ulimaliza. Wale ambao hawakumaliza hawapo hapa kukujibu. Kila mtu aliyesoma Kenya anakumbuka mwanafunzi mwenzake ambaye hakurudi baada ya likizo, na hakuna aliyeelezwa vizuri kilichotokea.

Cha pili: zahanati iko karibu. Karibu kwa nani? Mama anauza mboga. Anapigiwa simu saa tano, mtoto ana homa. Anafunga kibanda, siku imeisha hapo. Analipa boda kwenda shuleni, boda kwenda zahanati, anapiga foleni, anaambiwa dawa hakuna, anunue kwa duka la dawa. Mtoto amepoteza siku mbili za masomo, mama amepoteza mtaji wa wiki. Labda ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kupimwa na kumalizwa pale pale shuleni kabla ya chakula cha mchana.

Cha tatu, na hiki ndicho kinaniudhi zaidi: ati wauguzi hawatoshi. Wauguzi hawatoshi wodini, hiyo ni kweli. Lakini hawatoshi kwa sababu hawajaajiriwa, si kwa sababu hawajasomeshwa. Julai 2021 Kenya ilitia sahihi mkataba na Uingereza wa kupeleka wahudumu wa afya huko, na hoja kubwa ya serikali yetu wenyewe ilikuwa kwamba tuna wauguzi waliohitimu na hawana kazi. Mwaka wa 2025 wahudumu wa afya wa mkataba wa UHC walipiga kambi nje ya Afya House wakidai ajira ya kudumu. Mtu amesoma miaka mitatu KMTC au minne chuo kikuu, ana leseni, na anauza mitumba au anasubiri visa. Usiniambie hatoshi. Niambie hujamwajiri.

Cha nne: pesa. Haya, tuhesabu.

Kenya ina wadi 1,450. Tuseme wauguzi wawili wa shule kwa kila wadi: 2,900. Tuseme kila mmoja anagharimu shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni karibu bilioni 2.1. Hiyo ni kama nusu ya pesa ambazo EduAfya ilikuwa ikimeza. Shule za msingi za umma ni kama 23,000, kwa hivyo kila muuguzi anapata karibu shule 8. Akizunguka, kila shule inamwona kila wiki mbili, na siku zingine wanampigia simu. Ongeza dawa na pikipiki, hesabu inapanda, lakini haifiki mahali pa kusema haiwezekani. Shule za bweni ni hadithi tofauti: hizo zinafaa nesi wa kulala hapo hapo, na shule inayoweza kununua basi haiwezi kuniambia imeshindwa na mshahara mmoja.

Kuzunguka pia si ndoto. Afrika Kusini ilianza mwaka wa 2012 mpango wa afya shuleni unaotumia timu za wauguzi wanaotembelea shule. Wana shida zao nyingi, lakini walianza.

Na msiniambie sheria inazuia. Katiba yenyewe, Vifungu vya 187 na 189, inaruhusu serikali hizi mbili kushirikiana na hata kuhamishiana kazi. Tena wameshafanya. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, na malipo yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi yakagawanywa: 2,500 kutoka serikali kuu, 2,500 kutoka kaunti. Mwaka huo huo Nairobi ikaanza Dishi na County, kaunti ikipika chakula cha mchana kwa watoto wa shule za msingi, mtoto analipa shilingi 5. Shule za msingi si za kaunti, lakini chakula cha kaunti kinaingia geti kila siku. Kama sufuria ya kaunti inaweza kuingia shule ya serikali kuu, nesi wa kaunti anashindwa na nini?

Basi tufanye nini

Mimi si waziri. Lakini kuna vitu ambavyo mimi na wewe tunaweza kuvianza bila kungoja mtu.

Mkutano wa wazazi ujao, inua mkono uulize maswali matatu, na uombe yaandikwe kwenye kumbukumbu. La kwanza: usiku, ni nani mwenye mafunzo ya kumhudumia mtoto mgonjwa hapa shuleni, na leseni yake iko wapi? La pili: ni watoto wangapi wana pumu, kifafa, sikoseli au kisukari, na dawa zao zinakaa wapi? La tatu: ada ya matibabu tunayolipa imefanya nini mwaka huu? Mwalimu mkuu asipokuwa na majibu usimtukane, yeye pia ametupiwa mzigo. Lakini akishaulizwa na wazazi 40, atauliza wa juu yake.

Pili, kaunti. Makadirio ya bajeti yanafikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na bajeti inatakiwa kupita kabla ya Juni kuisha. Katikati hapo kuna vikao vya umma, vile ambavyo huhudhuriwa na wazee sita na machifu wawili. Nenda. Usiende kuomba taa za barabarani peke yake. Omba nesi wa shule, kwa wadi yako, kwa jina hilo hilo, na umwambie MCA wako utauliza tena mwaka ujao kabla hajaanza kugawa fulana.

Tatu, walimu. KUPPET na KNUT mkipiga kelele za mishahara, ongezeni hili. Mwalimu ndiye anayelaumiwa mtoto akifia mikononi mwake, na hakuwahi kufundishwa kumtibu. Kudai nesi ni kujilinda nyinyi wenyewe.

Na nyinyi waheshimiwa mnaokuja siku ya zawadi, mnakata utepe wa basi jipya na kupiga picha. Basi linapeleka watoto kwenye mashindano ya drama mara mbili kwa mwaka. Siku zingine zote linakaa limeegeshwa chini ya mti, safi kabisa, hatua chache kutoka bwenini ambako kuna mtoto mwenye homa, na aliyeachwa kumwangalia ni kiranja wa miaka 16.